Bwana Pindo na Wembe Wake

Uzi uliochakaa na uzi uliokatwa havifanani hata kidogo. Uliochakaa hufa polepole: huota manyoya, hupauka, mwisho hukatika ukiwa umechoka. Uliokatwa kwa wembe hufa na afya yake, ncha safi kama ukucha uliokatwa jana. Fundi alilijua hilo tangu alipokuwa msichana wa kuokota pini chini ya meza ya shangazi yake. Ndiyo maana Jumatano ile ya kwanza, yule mchora mabango ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi alipomletea suruali ya kijivu na kusema pindo limeachia, alizitazama ncha za uzi mara moja tu. Alipoinua macho, alimkuta mwenye suruali anatazama dari kwa bidii kubwa, kama aliyetumwa kuhesabu mabati.

Suruali yenyewe aliishona Fundi kwa mkono wake mwezi uliotangulia, na pindo lake, refu la vidole vinne, alilipitisha mara mbili. Lisingeachia hata kwa kuombwa.

"Mwongo," moyo ulimwambia. Lakini moyo huohuo ulikuwa unacheka.

Jumatano iliyofuata akaja tena, pindo limeachia. Na iliyofuata. Jumatano saba. Alikuwa akisalimia, akikunjua suruali iliyopigwa pasi vizuri mno kwa suruali mbovu, akikaa kwenye benchi la wateja na kutazama mikono ya Fundi ikichoma pini na kupitisha cherehani juu ya mkunjo. Dakika tano. Kisha alishukuru na kuondoka, na Fundi alibaki anashona mkono wa gauni mahali pa kola.

"Huyo anakuja kushonewa au kuangalia maonyesho?" Shangazi alikuwa akiuliza kutoka kwenye kona yake ya vifungo.

Fundi hakuwa na jibu, kwa sababu mbele ya watu Fundi hakuwa na jibu la jambo lolote. Mteja akimsifia kazi, ulimi ulikauka. Ila alikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikuwa na wafuasi elfu tisa. Kila Jumamosi aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akairekodi mikono yake na kitambaa, na akasimulia hadithi huku akishona. Uso hakuuonyesha kamwe. Palikuwa na sauti yake tu, na cherehani inayokwenda, na pale hadithi ilipokaza aliinua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, na watu elfu tisa wakashika pumzi. Walimwita Fundi Simulizi. Alijiuliza mara nyingi inakuwaje mtu ashindwe kumwambia mmoja asante, kisha awaambie elfu tisa yaliyo chini kabisa ya roho yake. Jibu alilolipata ni kwamba elfu tisa hawakuwa na macho. Kusema nao kulikuwa kama kuimba bafuni.

Basi akawasimulia habari za Bwana Pindo. Jina hakulitaja, mtaa hakuutaja, na suruali ya kijivu aliifanya ya kahawia, akaona amemficha vya kutosha. Watu walimpenda Bwana Pindo kuliko hadithi zote zilizotangulia. Wengine waliandika kwamba waume zao hawajawahi kuharibu hata kitambaa cha kufutia mikono kwa ajili yao. Jumamosi ya tano, akili ikiwa imenoga kwa sifa, Fundi akateleza.

"Bwana Pindo amejaliwa mabega," alisema, mguu juu ya kanyagio. "Amejaliwa macho. Maneno tu ndiyo hana. Nadhani siku yalipogawiwa maneno, yeye alikuwa bado kwenye foleni ya mabega."

Elfu tisa wakacheka. Fundi naye alicheka, akaahidi kwamba Jumamosi ijayo atawapa mwisho.

Brashi alikuja Alhamisi, siku ambayo haikuwa yake. Suruali ilikuwa kwapani, rangi ya bluu ilikuwa kwenye nyusi, na hakutazama dari.

"Mimi ndiye Bwana Pindo?" aliuliza.

Fundi aliacha kushona. Akauliza kwa sauti ndogo nani amemwambia. Brashi akajibu kwamba mwenzake wa kazi alikuwa anamsikiliza Fundi Simulizi juu ya ngazi, akacheka mpaka akamwaga kopo zima la rangi, na alipoombwa awasikilizishe na wenzake, sauti iliyotoka kwenye ile simu Brashi angeijua hata katikati ya soko.

"Sikutaja jina," alisema Fundi.

"Ulikuwa na haja ya kutaja? Mtaa huu una wanaume wangapi wanaoleta suruali ileile kila Jumatano?"

"Mmoja tu," alisema Shangazi bila kuinua kichwa, "na wakiwa wawili mimi nafunga duka."

Hakuna aliyecheka. Brashi alikuwa mtu wa fahari, wa wale ambao wakiumia hunyooka badala ya kuinama, na siku hiyo alikuwa amenyooka kama rula. Alisema kumcheka si kitu, yeye huchekwa kila siku akiwa juu ya ngazi. Kilichomkera ni kingine.

"Umewaambia watu elfu tisa ulichokiona machoni mwangu. Mimi mwenye macho hujaniambia hata nusu yake."

"Wao ni rahisi," Fundi alisema. "Wao hawanitazami."

"Kwa hiyo kosa langu ni kukutazama."

Fundi alitaka kusema kwamba kutazamwa kule ndiko alikokuwa anakusubiri kuanzia Alhamisi hadi Jumanne. Ulimi ukamgomea. Brashi alimngoja, na kwa jinsi alivyongoja ilionekana angetosheka hata na neno moja. Halikuja.

"Hilo nalo ningelisamehe," alisema mwishowe. "Ila kuniita mimi bubu? Nimekuandikia mara saba. Umesoma mara saba, umenyamaza mara saba, halafu umekwenda kuutangazia ulimwengu kwamba sina maneno."

"Umeniandikia wapi?"

Aliuliza kwa moyo safi kabisa, lakini Brashi alilisikia swali kama kofi. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Basi, Fundi. Usinifanye mjinga mara mbili." Akatoka na suruali yake kwapani.

Alasiri ile yote Fundi hakushona. Aliipekua simu kama mtu aliyepoteza pete kwenye unga. Alipekua ujumbe, akapekua komenti mia nne, akaingia hata kwenye lile kasha la jumbe za watu asiowajua. Alimkuta mtu anayetaka kujua kama anashona mapazia. Alimkuta mwingine aliyekuwa anamtumia picha ya ua kila asubuhi kwa miezi minne bila salamu. Brashi hakuwemo. Shangazi akasema labda aliandika karatasi akaipitisha chini ya mlango, wakainua zulia, wakapata vifungo viwili na sindano iliyodaiwa kuibwa mwaka jana.

Ijumaa mchana wasikilizaji walikuwa wameanza kudai. Mwisho uko wapi? Je, ameposa? Fundi akaona arekodi mapema, aseme lolote, lipite. Akaegemeza simu kwenye kopo, akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. "Wapendwa," alianza, na hapohapo kivuli kikaziba mlango.

Alikuwa mama wa makamo mwenye mfuko wa nguo mkononi, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, na namna ya kuingia chumbani kana kwamba watu wote wangesimama. Mabega yake Fundi aliyatambua kabla ya kitu kingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Fundi Simulizi?"

Shangazi alimpa kiti. Mama alikaa, akasema hakuja kugombana, na alisema kwa utulivu ambao ungekuwa afadhali kama ungekuwa ugomvi. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na mtoto mmoja, ambaye shule ilimshinda kwa sababu ya ada, akajifunza kutunga mashairi peke yake kwa kusoma vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari. Hana ubaya na mafundi, mama yake mwenyewe alishona. Lakini mwanamke anayechukua mambo ya mtu na kuyaanika nje kama shuka, huyo hakuwa tayari kumwita mkwe.

"Jana nilikuwa zahanati," alisema. "Wanawake wawili pembeni yangu wanacheka habari za Bwana Pindo. Wakanisikilizisha. Na mimi nikacheka, mwanangu. Nilicheka sana. Nimefika nyumbani, mwanangu ananisimulia kilichomkuta, ndipo nikajua nilikuwa namcheka nani. Hilo ndilo lililoniuma. Kwamba nilicheka."

Fundi alitazama chini. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba kati ya wale elfu tisa mmoja angeweza kuwa mama wa mtu.

"Nisamehe, mama," alisema. Maneno mawili tu, lakini yalitoka kwa mdomo, mbele ya macho ya mtu.

Mama aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Akaitoa suruali ya kijivu kwenye mfuko na kuiweka juu ya meza. Alichotaka ni kidogo: pindo lishonwe kwa mara ya mwisho, lishike mpaka nguo iishe, ili mwanawe asipate tena sababu ya kuja.

Fundi akachukua pini zake na kuanza kuzichoma kwenye mkunjo, kama Jumatano zote.

"Sivyo," alisema Mama. "Usipitishe juu juu. Fumua lote, likunjue, ulikunje upya. Mama yangu hakushona pindo bila kulikunjua."

Ni kweli, na Fundi alilijua. Lakini Jumatano zote saba suruali ilikuja imepigwa pasi kiasi kwamba mkunjo ulisimama kama umegandishwa, na fundi mwenye haraka akiona mkunjo mzuri haufungui, huupitia tu. Basi leo akachukua wembe, akafumua mguu wa kulia, akalikunjua pindo la vidole vinne.

Ndani yake kulikuwa na wino.

Herufi zilikuwa ndogo, nyeusi, zimenyooka, herufi za mtu anayeishi kwa kuandika majina ya maduka, na zilizunguka mguu wa suruali mstari chini ya mstari:

*Suruali sio mbovu, ni moyo ulochanika,*
*Sijaja kwa uchakavu, kukuona nimetaka,*
*Wembe wangu ni mwerevu, uzi wako wakatika,*
*Nawe uwe msikivu, soma nilichoandika.*

Fundi alisoma mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili midomo yake ilikuwa inasogea. Shangazi alikuwa ameacha vifungo vyake na kusimama nyuma, na Mama alikuwa amevaa miwani. Fundi alifumua mguu wa kushoto.

*Sina wingi wa maneno, mbele yako siyawezi,*
*Huutazama mkono, ukiwa ndani ya kazi,*
*Nipe jibu, si mguno, nijibu japo kwa uzi,*

Kisha kitambaa kitupu.

Mstari mmoja kwa juma. Yule mwanamume, asiyejua lolote kuhusu ushonaji na aliyekuwa akitazama mikono tu, si kitambaa, alidhani fundi hawezi kushona pindo bila kulikunjua. Akakata uzi wake, akaandika mstari wake, na kwa kuwa ni mtu nadhifu asiyetaka kumletea mwanamke nguo iliyokunjamana, akalirudisha pindo na kulipiga pasi. Na fundi, kwa kujua sana kazi yake, akaona hakuna haja ya kukunjua. Mara saba alikuwa ameletewa barua, na mara saba aliishona barua ikiwa imefungwa, akamrudishia mwenyewe, akamwambia karibu tena.

"Ee Mungu wangu," alisema Fundi, "nilikuwa nazishona."

Mama ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kwanza puani, kikapanda mabegani, na yale mabega ya ukoo yakaanza kutikisika mpaka miwani ikaanguka. Shangazi akadaka. Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja.

Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia kopo la vifungo. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Kila kitu kilikuwa mle ndani: sauti ya Mama, wembe ukipita kwenye uzi, ukimya, kicheko. Hakuwahi kupata mwisho wa namna hii na hatapata tena. Alijua, kama fundi anavyojua kitambaa kwa kukigusa, kwamba akiposti hii elfu tisa watakuwa elfu tisini kabla juma halijaisha. Aliitazama simu. Mama naye aliitazama simu, kisha akamtazama yeye.

Fundi aliichukua, akazima, akafuta. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

"Hii ina mwenyewe," alisema.

Mama alimtazama kama mwalimu anayekagua jibu la hesabu kutafuta kosa asilione. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Ubeti wa pili umepungua mstari," alisema. "Mwanangu hajawahi kuacha ubeti nusu. Huo ameuacha kwa ajili ya mtu."

"Mama, mimi sijui mashairi."

"Mizani kumi na sita. Nane huku, nane huku. Katikati uishie kwa 'no', mwisho uishie kwa 'zi'. Una vidole, hesabu."

Wakahesabu. Fundi alipendekeza mstari wenye mkono, Mama akasema mkono keshautumia. Shangazi akapendekeza wenye kiuno, wote wawili wakamgeukia, naye akarudi kwenye vifungo vyake akinung'unika kwamba vina ni vina. Uliopatikana mwisho Fundi alihesabu kwa vidole mara tatu. Kisha akatunga uzi mwekundu kwenye sindano na kuushona kwa mkono, herufi baada ya herufi, chini ya ule mstari wa saba. Mama alikunywa chai vikombe viwili, akashika kitambaa kilipohitaji kushikwa. Mara moja alisema herufi ya "w" imelegea. Ikafumuliwa, ikarudiwa.

Jua lilikuwa limeanza kulainika Fundi alipofika na suruali mtaa wa pili. Brashi alikuwa juu ya ngazi akiandika ukutani bango la muuza dawa. Herufi nyekundu, kubwa kama milango, zilikuwa zimefikia DUKA LA DA. Alimwona. Akachovya brashi kwenye kopo, ingawa alikuwa ameichovya tayari.

"Shuka," alisema Fundi.

"Niko kazini."

"Mimi pia."

Akashuka, polepole, fahari yake yote ikishuka naye ngazi kwa ngazi. Fundi akamkabidhi suruali. Simu ilikuwa kwenye kopo la vifungo, mbali. Mikono yake haikuwa na kitu, na moyo ulikuwa unapiga kama cherehani isiyokuwa na breki. Lakini aliyatazama macho ya Brashi yote mawili alipokuwa anasema.

"Wembe unao. Fumua mguu wa kushoto. Na safari hii ulikunjue lote, usiwe mvivu kama mimi. Sikuwahi kulikunjua, Brashi. Hata mara moja. Ulilipiga pasi vizuri mno."

Ilichukua muda kumwingia. Fundi alimwona akiipitia mara saba zote kichwani, moja baada ya nyingine, na mara ya saba mdomo wake ukafunguka kidogo. Akachomoa wembe mfukoni, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akafumua. Wino wake ulikuwa pale. Na chini ya wino, kwa uzi mwekundu:

*Leo nimesoma wino, sasa njoo waziwazi.*

Alisoma akihesabu kwa vidole, hakujizuia, mtunzi ni mtunzi.

"Kumi na sita," alisema.

"Nilikuwa na mwalimu."

"Mama?" Akainua kichwa. "Mama yangu alikuja kwako?"

"Alikuja kunikataza. Tumekula muda wote kutafuta kina."

Sasa alicheka, kicheko chenyewe, kile ambacho Jumatano zote saba alikuwa amekificha kwa kutazama dari. Akasimama, akiwa na suruali mkono mmoja na rangi mkono mwingine, akawa hajui amshike kwa upi. Fundi akamwamulia. Baadaye blauzi yake ilikutwa na alama tano za vidole vyekundu mgongoni, na hakuzifua.

"Nakupenda," Fundi alimwambia begani. "Nilitaka wewe usikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimechelewa kidogo."

"Rudia."

Akarudia. Muuza dawa alitoka dukani akauliza ana habari gani na herufi zake mbili. Hakujibiwa, na usiku ule alilala akiwa na DUKA LA DA ukutani.

Jumamosi Brashi alikaa kwenye benchi la wateja bila suruali ya kushonwa. Fundi aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, kisha akageuka kabla ya kubonyeza.

"Wananidai mwisho," alisema. "Niwaambie nini?"

Brashi alifikiri. Yule wa Alhamisi angesema usiwaambie chochote.

"Sentensi moja," alisema. "Nisikie kwanza mimi."

Akamwambia, uso kwa uso, naye akaikubali. Fundi akabonyeza. Alikanyaga cherehani kidogo, akainua mguu, na elfu tisa wakashika pumzi.

"Wapendwa," alisema, "suruali ya Bwana Pindo imepona, na kesho anakuja kwetu na mama yake, mikono mitupu, hana cha kushonewa."

Akazima. Komenti zikaanza kumiminika, wakitaka kujua alisema nini, wapi, ilikuwaje, mbona unatufanyia hivi. Fundi aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaenda kukaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama dari.